Shaba Juu, Alumini Ndani: Waya wa Bei Nafuu Unatugharimu Nini?

Roli mbili za waya wa 2.5 zinawekwa juu ya kaunta ya duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Zote zina ganda jekundu, zote zimeandikwa mita 100, na ncha za zote mbili zinang'aa rangi ya shaba. Moja inauzwa theluthi mbili ya bei ya mwenzake. Anayejenga kwa kudunduliza, mwezi huu nondo, mwezi ujao bati, hawezi kulaumiwa akiielekea ile ya bei nafuu, hasa muuzaji akimhakikishia: "Chukua hii kaka, zote kopa tupu, tofauti ni kiwanda tu." Mara nyingi tofauti si kiwanda. Ile ya bei nafuu ni alumini iliyovikwa shaba. Katika makala haya nataka tuipige hesabu mpaka tujue thamani yake halisi, mahali inapofaa, na mahali ambapo mtu hapaswi kuifunga hata akipewa bure.

Kwanza tuutendee haki waya wenyewe, kwa sababu si kitu cha uchochoroni. Kiwandani huchukuliwa fito ya alumini, ikasafishwa hadi uso wake ukabaki mtupu, ikazungushiwa bamba jembamba la shaba, kisha vyote viwili vikabanwa kwa nguvu na kuvutwa kupitia matundu yanayozidi kupungua mpaka metali hizo zikashikana kabisa. Waya uliotengenezwa vizuri ukiukata huoni mwanya kati ya shaba na alumini. Shaba huwa asilimia 10 au 15 ya ujazo wake. Kwenye kebo na maboksi waya huu hutambulishwa kwa herufi CCA, na ndugu yake mwenye chuma ndani hutambulishwa kwa herufi CCS. Mwenye kutembea sokoni na azikariri herufi hizo, ingawa wauzaji wasio waaminifu huzifuta au hawaziandiki kabisa.

Marekani wanaufahamu waya huu kwa miaka mingi. Bei ya shaba ilipopanda miaka ya 1960, wajenzi wa huko walianza kutandaza alumini tupu majumbani, na kati ya 1965 na 1973 nyumba zipatazo milioni mbili zilifungwa nyaya hizo. Viungo vikaanza kupata moto. Utafiti uliofanyiwa tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo ulionyesha kuwa nyumba yenye alumini ya kabla ya 1972 ina uwezekano mara 55 zaidi ya nyumba ya shaba wa kuwa na kiungo kilichofikia joto la kuweza kuwasha moto. Waya wa kuvikwa ulishika njia ya katikati: wepesi na unafuu wa alumini kwa ndani, uso wa shaba pale skrubu inapobana. Mpaka leo kanuni za umeme za Marekani zinauruhusu kwa masharti. Shaba isipungue asilimia 10, na mzigo wake uwe mdogo kuliko wa shaba tupu: mahali ambapo waya wa shaba wa saizi yao namba 12 hulindwa na breka ya ampea 20, wa kuvikwa wa saizi hiyohiyo hupewa breka ya ampea 15. Kwao, basi, waya huu una jina lake, kiwango chake na breka yake. Kwetu huuzwa kwa jina la shaba, ukafungwa kwa breka ya shaba.

Sasa tuingie kwenye fedha. Bei ya shaba hupangwa na soko la dunia, na ndiyo bei inayofuatwa hata na shaba ya Zambia na Katanga inayoshushwa na malori bandarini Dar es Salaam. Mei 2024 tani moja ilivuka dola 11,000 katika soko la metali la London, wakati alumini ilikuwa karibu robo ya bei hiyo. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue dola 10 kwa kilo ya shaba na dola 2.5 kwa kilo ya alumini. Mita 100 za waya wa 2.5, yaani milimita za mraba 2.5, zina ujazo wa sentimita za ujazo 250, sawa na robo lita. Ikiwa ni shaba tupu, hiyo ni kilo 2.24 za shaba, yaani dola 22 na senti kidogo. Ikiwa ni alumini iliyovikwa kwa asilimia 10, shaba ndani yake haifiki hata robo kilo, alumini ni gramu 600 na ushei, na metali yote kwa pamoja inagharimu chini ya dola 4.

Soma tena tofauti hiyo. Metali ya roli moja ni dola 22, ya nyingine haifiki 4. Kuvika shaba kuna gharama zake za kiwandani, na ganda la plastiki ni lilelile kwa zote, lakini hata ukiziongeza hizo huwezi kueleza kwa nini mnunuzi apunguziwe theluthi tu. Sehemu kubwa ya tofauti inabaki kwa waliouza, na mnunuzi anaondoka akidhani amepata nafuu. Kwa maoni yangu huu ndio ubaya wa kwanza wa biashara hii, na umekuja kabla hata umeme haujawashwa.

Ubaya wa pili uko kwenye ukinzani. Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, na waya wa kuvikwa wa asilimia 10 una uwezo wa asilimia 64 hivi ya ule wa shaba yenye unene huohuo. Kiwango cha kimataifa cha kondakta za nyaya, IEC 60228, kinataka waya wa shaba wa 2.5 usizidi omu 7.41 kwa kilomita. Wa kuvikwa wa unene huo hukaribia omu 11.5. Maana yake, ulichonunua kwa jina la 2.5 kinafanya kazi ya waya wa shaba wa 1.6, na ili upate huduma ya 2.5 ya shaba ulitakiwa kununua 4 ya kuvikwa. Vivyo hivyo, 1.5 inadai 2.5, na 4 inadai 6. Ulinganisho wa haki wa bei basi ni huu: shaba ya saizi unayoitaka dhidi ya waya wa kuvikwa wa saizi moja juu, pamoja na bomba pana zaidi la kuupitishia, pamoja na soketi na breka zenye matundu ya kuupokea. Fundi yeyote aliyewahi kusukuma nyaya tatu za 4 ndani ya boksi la soketi anajua kinachomsubiri.

Watu wengine huonya kwamba waya huu utapandisha bili. Hilo ni kweli, ila ni dogo. Chukua shawa ya umeme ya wati 5,000, inayovuta karibu ampea 22, ikiwa mita 20 kutoka kwenye breka kwa waya wa 4. Kwenye shaba, wati 89 hivi hupotea njiani. Kwenye waya wa kuvikwa hupotea 139. Familia ikioga kwa jumla ya nusu saa kwa siku, tofauti hiyo ni uniti 9 hivi kwa mwaka mzima. Hakuna atakayefilisika kwa uniti 9. Kinachotisha ni mahali wati hizo zinapokwenda: zinageuka joto ndani ya ukuta na juu ya dari.

Ganda la plastiki la nyaya za kawaida za nyumbani limetengenezwa kustahimili nyuzi 70. Mahali penye joto la nyuzi 30, waya wa shaba uliobebeshwa mkondo wa kikomo chake hupanda kwa nyuzi 40, ukafika palepale kwenye 70. Wa kuvikwa wenye unene huohuo na mkondo huohuo hupanda kwa zaidi ya nyuzi 60, ukapita 90. Na hapo nimesema mahali penye nyuzi 30. Chini ya bati la Dodoma au Garissa saa nane mchana, nani ana nyuzi 30? Ganda linaanza kukauka na kupasuka mahali ambapo hakuna anayeliona, na breka haikatiki, kwa sababu kwa upande wake ampea bado ni zilezile ilizoagizwa kuruhusu.

Lakini ukiniuliza ni wapi hasa moto huanzia, nitakupeleka kwenye skrubu ya soketi. Fundi anachuna ganda kwa kisu, kisu kinakwaruza shaba, na kwa kuwa shaba ile ni nyembamba kuliko kadi, alumini inachungulia. Alumini ikikutana na hewa hufanya utando mgumu usiopitisha umeme, na hufanya hivyo papo hapo. Ncha iliyokatwa nayo iko wazi. Kisha unapochemsha maji waya unapata moto na kutanuka, ukizima unapoa na kusinyaa, na alumini hutanuka kuliko shaba kwa kama theluthi moja. Isitoshe ni laini, hivyo inakubali kubonyea chini ya skrubu na kubaki imebonyea. Baada ya miezi skrubu iliyokazwa vizuri inakuwa imelegea bila mtu kuigusa. Kiungo kilicholegea kinachemka, plastiki ya soketi inageuka kahawia kuzunguka tundu moja, na chumba kinanuka kama samaki waliooza. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, ongeza hewa ya chumvi: metali mbili tofauti zikiguswa na unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na huliwa kutokea kwenye ncha kwenda ndani.

Kwa hiyo kwa nyaya za ukutani hukumu yangu haina masharti. Soketi na breka nyingi zinazouzwa kwetu zimetengenezwa kwa ajili ya shaba, mafundi wetu wamefunzwa shaba, na hakuna anayerudi kila mwaka kukaza skrubu. Nunua shaba. Fedha zikiwa pungufu, punguza idadi ya soketi kwa sasa, utaongeza nyumba ikishaezekwa na kulipiwa. Waya uliozikwa ndani ya plasta kuubadilisha ni kubomoa.

Kwenye sola madhara yanaonekana upesi zaidi, kwa sababu volti ni chache. Tuseme nyumba ya Singida ina mfumo wa volti 12, paneli iko kwenye paa, betri iko sebuleni, umbali ni mita 10, mkondo ni ampea 10. Kwa waya wa 4 wa shaba volti 0.9 hupotea njiani, nayo tayari ni nyingi. Kwa wa kuvikwa hupotea volti 1.4. Mwenye nyumba akiwa ametumia 2.5 ya kuvikwa ili kuokoa, volti 2.3 hazifiki, karibu moja ya tano ya umeme wote. Betri haijai, anaambiwa paneli ni feki, ananunua paneli nyingine, na tatizo linabaki juu ya paa. Nyaya nzuri za sola huwa za shaba iliyopakwa bati, zina rangi ya fedha, jambo linalowatisha wengi wakidhani ni alumini. Kwaruza kidogo: ikiwa nyeupe nje na nyekundu ndani, hiyo ni shaba halali. Ikiwa nyekundu nje na nyeupe ndani, umeshajua.

Kebo za kompyuta na kamera za ulinzi ni soko jingine lililojaa waya wa kuvikwa. Boksi la mita 305 la Cat6 utalikuta kwa bei ya nusu ya jingine, na maandishi ni yaleyale. Viwango vya kebo hizo, TIA-568 na ISO 11801, vinataka shaba tupu. Kebo ya kuvikwa ikitumika kwa umbali mfupi kupeleka data pekee inaweza kuonekana haina shida. Shida huanza pale kebo hiyohiyo inapopeleka na umeme wa kuwasha kamera, kama ilivyo kwa kamera nyingi za siku hizi: kamera ya mita 80 inawaka mchana na kuzimika usiku taa zake zinapoanza kuvuta umeme zaidi. Waya wake pia hukatika upesi ukikunjwa mara chache. Kwa duka, shule au zahanati inayofunga kamera, kuokoa kwenye kebo ni kujiandalia gharama ya fundi kurudi.

Upande mwingine, kuna mahali ambapo metali mbili zinashinda metali moja, na hapo kulipia shaba tupu ni kutupa fedha. Kebo ya antena na ya dishi ni mfano mzuri. Umeme wa masafa ya televisheni hausafiri katikati ya waya, hupita kwenye ngozi yake ya nje, unene usiofika hata mikroni 4. Kwa hiyo chuma kilichovikwa shaba kinabeba picha sawasawa na shaba tupu, na tena ni kigumu zaidi hakikatiki kikivutwa juu ya paa. Kwa mita 20 au 30 za kutoka kwenye dishi hadi kwenye kisimbuzi, chukua ya bei nafuu bila wasiwasi, mradi ganda lake la nje linastahimili jua. Spika za sebuleni nazo, kwa mita chache, ongeza unene kidogo na waya wa kuvikwa utatosha.

Mfano wa pili ni fito ya eathi inayopigiliwa ardhini. Shaba tupu ingepinda kabla haijamaliza nusu mita, na isingekaa muda mrefu bila kung'olewa na wezi wa skrepa. Fito nzuri ni chuma kilichoshikanishwa na shaba yenye unene wa robo milimita. Chuma hubeba nyundo, shaba huzuia kutu. Tatizo ni kwamba pembeni yake dukani kuna nondo iliyopakwa tabaka la shaba jembamba kama rangi, na ikishakwaruzwa na kokoto za kwanza inaanza kula kutu. Nyumba inabaki na eathi ya jina. Pitisha tupa kwenye ncha: shaba ya robo milimita haitoki kwa mkwaruzo mmoja.

Namna ya kupima waya kabla ya kulipa ni nyepesi, na duka lenyewe lina kifaa. Duka linalouza misumari lina mizani. Roli ya mita 100 ya waya mmoja wa 2.5 wa shaba, pamoja na ganda lake, ni karibu kilo 3. Ya kuvikwa haifiki kilo 2. Kwa 1.5, shaba ni karibu kilo 2 na ya kuvikwa ni kilo moja na kidogo. Mizani hukamata pia wizi mwingine usiohusu alumini kabisa: shaba halisi lakini nyembamba kuliko ilivyoandikwa, au roli ya "mita 100" ambayo ni yadi 100, yaani mita 91 na ushei. Ndiyo maana napendelea mizani kuliko kipimo kingine chochote.

Ukitaka uhakika zaidi, omba wembe ukwangue ncha mpaka uone kilicho ndani, usiishie kutazama uso. Sogeza na sumaku, maana chuma kilichovikwa hakijifichi kwake. Kwa kebo ya kompyuta tumia mita ya fundi: shika jozi moja ya nyaya, zisokote pamoja upande mmoja wa boksi, pima ukinzani upande wa pili. Boksi zima la Cat5e la shaba halitakiwi kuzidi omu 57. Likikupa 80 na zaidi, lirudishe. Muuzaji anayekataa roli yake isipimwe amekwisha kukujibu. Na kwenye risiti mwambie aandike "shaba tupu" pamoja na unene na urefu, kwa sababu alama ya TBS au KEBS iliyochapwa kwenye ganda inaweza kughushiwa, lakini risiti yenye jina lake na maelezo ya bidhaa ndiyo utakayoenda nayo kudai haki yako.

Na aliyekwisha kufunga? Asikimbilie kubomoa kuta kesho. Amwite fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya, umeme uzimwe kwenye meni swichi, kila soketi na kila breka ifunguliwe, ncha zilizoungua zikatwe na kuunganishwa upya kwa viungio vinavyokubali alumini. Breka ya ampea 20 kwenye waya wa kuvikwa wa 2.5 ibadilishwe iwe ya 16. Shawa, jiko na kiyoyozi vipewe njia zao mpya za shaba. Soketi inayopata moto mkononi, au inayonuka, isitumike hata kwa kuchajia simu mpaka ifunguliwe.

Waagizaji nao wana neno langu. Waya wa kuvikwa si haramu na una wanunuzi wake halali. Uandikeni ganda zima kwamba ni alumini iliyovikwa shaba, uwekeeni bei inayolingana na dola zake 4 za metali, mwenye spika na mwenye antena watakuja wenyewe. Mamlaka za viwango zipeleke mizani madukani, kwani roli ya 2.5 isiyofika kilo 2 haihitaji maabara. Wewe unayejenga mwaka huu, panga fedha ya shaba tangu unapopiga hesabu ya msingi, na usilipe roli ambayo hujaiona juu ya mizani.